Piga hodi kabla hujashuka: jinsi ya kutembelea kanisa la mifupa la Sedlec

Tangu niwaambie watu kwamba nimeshafika mara tatu kwenye lile kanisa la mifupa kule Ucheki, maswali hayaishi. Wengine wananitumia meseji, wengine tukikutana kwenye shughuli za Waswahili wenzangu huku Ujerumani wananivuta pembeni, unaendaje, unapanda treni gani, inatisha, wanaruhusu picha, na kuna mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, hivi ile ni mifupa ya watu kweli au ni plasta? Ni ya watu kweli. Inakadiriwa ni mifupa ya watu kati ya 40,000 na 70,000, yote kwenye kanisa moja dogo ambalo ukilizunguka kwa nje dakika tano hazifiki.

Kwa hiyo nawaandikia hapa kila kitu mwanzo mpaka mwisho. Naomba msome yote hata zile sehemu ambazo hazihusu treni, maana kufika pale ni rahisi sana, kazi ipo kwenye kujua unaingia kwa nani.

HATUA YA 1: Jua unaenda kwa nani

Hii usiiruke. Nimeona watu wanashuka zile ngazi hawajui chochote, wanazunguka dakika saba wanatoka wanasema "imeisha?", na ni kweli kwao imeisha kwa sababu wameona mafuvu tu.

Mahali penyewe panaitwa Sedlec, ni kitongoji cha mji wa Kutná Hora, mashariki mwa Prague. Mwaka 1142 watawa wa shirika la Wasistersiani walianzisha monasteri hapo. Mwaka 1278 abate wao, anaitwa Jindřich, alitumwa na mfalme Otakar II kwenda Nchi Takatifu, na aliporudi alirudi na udongo kidogo aliouchota Golgota, pale Yesu aliposulubiwa, akaunyunyiza kwenye makaburi ya monasteri. Basi habari zikasambaa na kuanzia hapo kila mtu anataka azikwe Sedlec, sio wa jirani tu, hadi watu wa mbali huko. Hili mtu wa kwetu halimpi shida kulielewa, nani hana mjomba aliyeacha wosia kwamba nikifia mjini msinizike huko nirudisheni kijijini nikalale na baba, au bibi wa pwani anayetaka alazwe karibu na kaburi la sharifu fulani? Ni kitu kile kile, mtu anachagua mwenyewe atalala wapi na atalala na nani.

Halafu vikaja vifo vya mafungu. Njaa kubwa ya mwaka 1318, tauni ya 1348, halafu vita vya wafuasi wa Jan Hus, padri wa Kicheki aliyetaka kanisa lirekebishwe, ambavyo mwaka 1421 vilichoma hata monasteri yenyewe. Maiti zilikuwa nyingi kuliko ardhi. Miaka ya karibuni waakiolojia walichimba pembeni ya kanisa wakakuta makaburi ya halaiki, watu wamelazwa safu juu ya safu.

Karibu mwaka 1400 ndio lilijengwa kanisa katikati ya makaburi, ghorofa mbili, juu pa kusalia na chini pa kuhifadhia mifupa iliyofukuliwa ili kupisha maiti wapya. Kufukua na kupanga mifupa hivyo Ulaya ya zamani lilikuwa jambo la kawaida, nafasi ya kuzikia karibu na kanisa ilikuwa ndogo na watu hawaishi kufa. Inasimuliwa kwamba mnamo 1511 mtawa mmoja ambaye alikuwa karibu haoni kabisa ndiye aliyeipanga mifupa kwa mafungu, peke yake, kwa kupapasa. Miaka mia mbili baadaye msanifu majengo Jan Santini Aichel akalikarabati kanisa kwa mtindo wa Baroque. Mwaka 1783 mfalme Josef II akaifunga monasteri, mali zikaja kuangukia kwa ukoo wa Schwarzenberg, na hao ndio waliompa kazi fundi wa kuchonga mbao, František Rint, aipange mifupa upya. Mapambo mengi unayoyaona leo ni mkono wake, na tarehe aliyoiacha ukutani ni 1870.

Kwa hiyo mtu akikwambia ni kanisa la shetani, mkatalie kabisa. Ni kanisa Katoliki, linaitwa Kanisa la Watakatifu Wote, liko chini ya parokia ya Sedlec, na nje limezungukwa na makaburi ambayo watu wa pale wanazikwa mpaka leo. Wakatoliki wenzangu mnaijua Jumatano ya Majivu, "kumbuka u mavumbi na mavumbini utarudi", basi lile kanisa linasema neno hilo hilo.

HATUA YA 2: Makaratasi na hela

Ucheki iko kwenye eneo la Schengen. Kama unaishi Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen na una kibali chako cha ukaazi kinachofanya kazi, unaenda nacho pamoja na pasipoti, huhitaji viza nyingine. Usiache pasipoti nyumbani eti kwa sababu hakuna mpaka, polisi wanapanda kwenye treni za kuvuka mpaka na wanauliza, na sisi ndio wa kwanza kuulizwa. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na anza mapema sana maana tatizo kubwa linakuwa kupata apointimenti.

Hela yao ni koruna, sio yuro. Sehemu nyingi kadi inapita. Ukitaka keshi toa kwenye ATM ya benki yenyewe, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwenda hela ya kwenu ukatae, chagua koruna. Vile vibanda vya kubadilisha hela katikati ya Prague vipite tu.

HATUA YA 3: Treni

Unaanzia stesheni kuu ya Prague, kibao kimeandikwa Praha hlavní nádraží, metro laini nyekundu, laini C, inakushusha pale pale chini. Unakoenda ni Kutná Hora hlavní nádraží. Hayo maneno mawili, hlavní nádraží, maana yake ni stesheni kuu, yaandike kwenye karatasi au piga skrinishoti, kwa sababu Kutná Hora ina stesheni zaidi ya moja na hii kuu ndiyo iliyo upande wa Sedlec, tena mbali na mji wenyewe, kama kilomita tatu hivi. Watu wengi wanadhani stesheni kuu ni ya katikati ya mji wanachanganyikiwa, lakini kwa safari yetu hii imekaa vizuri sana.

Safari ni kama saa moja. Kuna treni za moja kwa moja na kuna za kubadilisha Kolín, mji ulio njiani. Kwenye ubao mkubwa hutaona jina Kutná Hora likiwa kubwa, utaona mwisho wa treni, kwa mfano Brno au Havlíčkův Brod, kwa hiyo shika namba ya treni iliyo kwenye tiketi yako ulinganishe. Jukwaa linatokea kwenye ubao dakika chache kabla ya kuondoka, nástupiště ni jukwaa na kolej ni reli, na ukiona watu wote wameinua vichwa halafu ghafla wanaanza kutembea, ujue limetokea. Tiketi unanunua dirishani, kwenye mashine au kwenye simu.

Saa zao ni za kizungu kama Ulaya yote, 9:00 ndiyo saa tatu yetu asubuhi. Nashauri upande treni ya asubuhi kabisa ili uwe pale wanapofungua. Magari ya wageni yanayotoka Prague huwa yanaingia baadaye, watu arobaini kwa mkupuo, na kile chumba ni kidogo, wakishaingia hao huwezi hata kusimama mahali pamoja. Winta wanafunga mapema kuliko kiangazi, na kipindi cha Krismasi angalia ratiba yao kwanza.

Vaa koti hata kama ni Julai. Kule chini ni ghorofa ya mawe, kuna ubaridi wake.

HATUA YA 4: Tiketi hainunuliwi mlangoni

Hapa ndipo watu wanapozungushwa. Ukishuka stesheni unafuata barabara kuelekea kwenye kanisa kubwa unaloliona mbele, hilo ni Kanisa la Kupalizwa Bikira Maria, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kanisa la mifupa liko ng'ambo ya barabara kubwa, dakika chache tu kutoka hapo, kwenye mtaa unaitwa Zámecká. Lakini usiende moja kwa moja mlangoni, tiketi zinauzwa kwenye ofisi ya wageni iliyo mtaa huo huo, au unanunua kwenye intaneti. Ukifika mlangoni bila tiketi wanakurudisha.

Chukua ile tiketi ya makanisa yote mawili, la mifupa na hilo kubwa. Ukitaka kuelekezwa uliza kostnice, yaani nyumba ya mifupa, inatamkwa kama "kostnitse", kila mtu pale analijua hilo neno.

HATUA YA 5: Simu mfukoni

Tangu tarehe 1 Januari 2020 kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Anayehitaji kwa kazi maalum anaomba kibali parokiani kabla, sio pale pale. Sababu waliyoitoa ni kwamba watu walizidi, walikuwa wanayavisha mafuvu kofia na miwani ya jua, wengine wanayabusu, wengine wanayasogeza ili picha itoke vizuri.

Niseme ukweli wangu kwenye hili. Mara yangu ya kwanza ilikuwa 2018, picha bado zinaruhusiwa, nikapiga selfi nimesimama chini ya ile shandelia ya mifupa, ile taa kubwa ya kuning'inia, natabasamu kabisa, nikaituma nyumbani. Mama yangu hakujibu siku nzima, na mama si mtu wa kuchelewa kujibu. Kesho yake akanipigia, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za kazi, halafu akasema, "Mwanangu, hao watu walio nyuma yako kwenye ile picha, uliwapigia hodi?"

Sikuwa na jibu. Niliifuta ile picha siku ile ile, na mara ya pili nilienda kwa sababu ya lile swali tu.

Kwa hiyo hatua ya tano kwangu ina mambo mawili. Kwanza zima simu uiweke mfukoni, sio mkononi. Pili, kabla hujashuka ngazi, simama, useme moyoni au kwa sauti chochote kile ambacho kwenu kinasemwa mtu akiingia makaburini. Mkatoliki anajua "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie." Muislamu ana salamu yake kwa watu wa makaburini. Na ambaye hana dini aseme hodi tu, inatosha, hodi haijawahi kuharibu kitu.

HATUA YA 6: Kule chini, na uangalie nini

Ukianza kushuka ngazi usikimbilie mbele. Pembeni kuna vikombe viwili vikubwa kama vya misa, virefu, vyote vimetengenezwa kwa mifupa. Na ukutani hapo karibu na ngazi tafuta maandishi, ni jina la fundi, F. Rint, na mji wake Česká Skalice, na mwaka 1870, herufi zote ni za mifupa. Mi sijaamua mpaka leo nalionaje hilo. Fundi kusaini kazi ni haki yake, lakini kila nikilisoma najiuliza kama ningependa jina la mtu mwingine liandikwe kwa vidole vyangu.

Halafu ndio unaingia chumba chenyewe. Juu kwenye matao kuna mafuvu yamefungwa kwa mstari kama yale mapambo ya karatasi tunayotundika ukumbini siku ya harusi, yanabembea kutoka pembe moja hadi nyingine. Katikati kuna shandelia, na inasemwa imebeba angalau mfupa mmoja wa kila aina ulio kwenye mwili wa binadamu. Hapa ndipo nakushauri usimame muda mrefu kuliko sehemu zote, na usiiangalie kama taa. Chagua mfupa mmoja tu halafu utafute wenzake. Ule mrefu mnene wenye kichwa cha mviringo ni wa paja. Zile pingili ni za uti wa mgongo. Ile mipana inayofanana na ua lililofunguka ni ya nyonga, na ukifikiria kwamba kila mwanadamu aliyeko duniani alipita kwenye nyonga ya mama kuja, hutaiangalia tena kama pambo.

Kwenye kona kuna marundo makubwa ya mifupa yenye umbo la piramidi, manne, mafuvu yametazama mbele na mifupa mirefu imeingizwa katikati yake kama kuni zilizopangwa na mtu mwenye subira. Haya ni ya zamani kuliko kazi ya Rint. Usishangae ukikuta moja halipo au limezungushiwa turubai, tangu 2014 kuna ukarabati mkubwa unaendelea, wataalamu wanayafumua marundo, wanasafisha mfupa mmoja mmoja, wanalipanga tena kama lilivyokuwa. Watu wanalalamika kwamba wamelipa hela na wamekuta mashine na ngazi za mafundi. Mi nilifurahi kuona, maana jengo lenyewe lilikuwa linaoza kwa unyevu, na mtu anayekaa siku nzima na brashi ndogo anasafisha fuvu la mtu aliyekufa miaka 600 iliyopita ambaye hata jina lake halijulikani, huyo anafanya kazi ya ndugu.

Kuna nembo kubwa ya ukoo wa Schwarzenberg, nayo ni ya mifupa. Chini upande mmoja utaona ndege, kunguru, anadonoa jicho la fuvu. Lile fuvu linawakilisha Mturuki, ni kumbukumbu ya vita vya kuuteka mji wa Raab, leo Győr huko Hungaria, kutoka kwa Waturuki mwaka 1598, ukoo ule ndio uliopewa sifa ya ushindi. Nalisema wazi kwa sababu kuna ndugu zangu Waislamu watakaoenda na ni bora walijue mapema kuliko kushtukizwa. Mi mwenyewe sipendi, ile ndiyo sehemu pekee mle ndani ambapo naona mifupa ya marehemu imetumika kwa majivuno ya tajiri, kwingine kote naona sala. Wazee wa pwani wanasema kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai, na nikisimama mbele ya ule ukuta maneno hayo yananijia.

Tafuta pia kabati la kioo lenye mafuvu yenye majeraha ya silaha. Hapa inama uangalie kwa karibu. Fuvu ukiliona karibu lina mistari inayopindapinda kama mshono wa fundi cherehani aliyetetemeka mkono, ndipo vipande vya kichwa cha mtoto vinapoungana anapokua. Sasa angalia lile tundu. Kama kingo zake ni kali na zimepasuka, huyo alikufa hapo hapo. Kama kingo zimelainika na kuviringika, mfupa ulianza kujiponya, maana yake huyo mtu alipigwa, akaanguka, akabebwa, akauguzwa na mtu, akaishi. Mi nilimaliza dakika kumi nikifikiria huyo aliyemuuguza.

Usiguse chochote. Usirushe sarafu. Utaona sarafu zimelala juu ya mifupa, watu wanazirusha kama wanaomba bahati, ila chuma hakina kazi kwa marehemu na fundi ndiye atakayeziokota moja moja.

KAMA UNAENDA NA MTU

Muulize kwanza, na umuulize vizuri. Mara yangu ya tatu nilienda na dada mmoja wa Kigali, tunafanya kazi pamoja, anaongea Kiswahili kizuri cha kule kwao. Kwenye treni tulikuwa tunacheka. Tulipofika kwenye ngazi akasimama, akashika ukuta, akasema, "Dada, mimi siwezi kushuka." Nikamwambia twende zetu basi. Akasema, "Hapana, wewe shuka, wasalimie. Mimi nitakaa huku nje."

Nilikuwa sijafikiri. Mtu wa Rwanda akisikia kanisa na mifupa, hasikii Ulaya ya zamani, anasikia Nyamata na Ntarama, makanisa ambayo mwaka 1994 watu walikimbilia wakidhani watapona na wakauawa humo humo kwa maelfu, na leo ni sehemu za ukumbusho na mafuvu yao yapo pale. Mifupa ile haikupangwa iwe pambo, imewekwa ili mtu asije akakana kwamba ilitokea. Kwa hiyo kama unaongozana na mtu wa Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, au mtu yeyote aliyezika karibuni, mweleze wazi kuna nini chini na umwachie nafasi ya kukataa. Nje pale ni pazuri pa kukaa, kuna ukuta, kuna makaburi yenye maua na taa ndogo za mishumaa, hasa ukienda karibu na tarehe 2 Novemba ambapo Wacheki nao wanawakumbuka marehemu wao makaburi yote yanawaka.

Na kwa sisi wa Tanzania kuna jambo lingine linanikaa moyoni kila nikitoka mle. Hapa Ujerumani, Berlin, kulikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa enzi za ukoloni kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, mengine ya Tanzania na Kenya, yamekaa kwenye makasha ya makumbusho. Mwaka 2023 walipima vinasaba wakapata ndugu walio hai Tanzania, mmoja wa marehemu akiitwa Akida, aliyekuwa mtu wa karibu wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Moshi. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe, aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, familia yake imelitafuta miaka na miaka. Kwa hiyo mtu akiniambia mbona Wazungu wanachezea mifupa hata ya kwao, namjibu si sawa hata kidogo. Wa Sedlec walichagua kulala Sedlec, na wako Sedlec. Wa kwetu walibebwa kwenye makasha.

HATUA YA 7: Ukishatoka

Kaa kidogo nje kwanza, usiondoke mbio. Geuka uangalie kanisa kwa mbele, ukuta ule wa mlangoni ndio aliouongeza Santini kuushikilia ule wa zamani uliokuwa umeanza kuinamia nje.

Halafu nenda kwenye lile kanisa kubwa, tiketi yako inakuingiza. Baada ya ule uzito wa chini utashukuru, ni refu, jeupe, mwanga unaingia kila upande. Lilijengwa kuanzia karibu 1290, likachomwa na vita ile ile ya 1421, likakaa gofu miaka karibu 300 mpaka Santini huyo huyo alipolisimamisha tena mwanzoni mwa karne ya 18. Humo pia kuna mifupa, ya watakatifu Feliksi na Vinsenti, imelazwa kwenye majeneza ya kioo, imevalishwa.

Kama muda upo nenda mjini Kutná Hora, kuna treni ndogo kutoka stesheni kuu hadi stesheni ya mjini, au mabasi ya mji. Huko ndiko kwenye kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini, maana mji huu ulitajirika kwa madini ya fedha, sarafu ya fedha ya Prague ilianza kugongwa hapa mwaka 1300. Ujenzi wa kanisa ulianza 1388 ukamalizika 1905. Mji wa kale pamoja na makanisa hayo mawili makubwa uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1995.

Kurudi Prague ni kwa njia ile ile, lakini angalia ratiba kabla hujaenda mjini, kwa sababu jioni na wikendi treni za moja kwa moja zinapungua na unaweza ukalazimika kubadilisha Kolín. Sisi siku ile tulibadilisha Kolín. Nilipopanda kutoka chini nilimkuta yule dada ameinama kwenye kaburi moja la pale nje, taa yake ilikuwa imezimika kwa upepo, ameziba kwa viganja vyake anaiwasha tena. Akaniuliza, "Umewasalimia?" Nikamwambia nimewasalimia. Tukangoja mpaka mwali ukatulia, tukafunga kifuniko, tukaenda stesheni.